Urujuani wa Usambara na Namna ya Kuuotesha kwa Jani

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani, kwenye dirisha la jikoni au la sebule, utakuta chungu kidogo chenye mmea wa majani manene yenye manyoya laini na maua ya zambarau. Mwenye nyumba huenda hajui mmea wake ulitoka wapi. Asili yake ni kwetu: ni mawe ya kando ya mito ya Usambara, na milima mingine michache ya Tanzania na Kenya. Lakini ukimwonyesha mkulima wa Muheza au Korogwe mmea huo ukiwa ndani ya chungu, aghalabu atakuuliza umeletwa kutoka nchi gani.

Karatasi hii inaeleza namna ya kuuotesha mmea huo kwa jani moja tu, bila kung'oa hata mche mmoja mwituni. Mtu akishaijua kazi hiyo hana haja tena ya kwenda mtoni na jembe.

UA LENYEWE

Mmea huu ni mfupi. Aina nyingi hulala karibu na ardhi, majani yakiwa yamepangwa kwa duara kuzunguka kitovu kimoja kama sahani. Jani ni nene, lina maji mengi ndani yake na kikonyo kirefu. Aina nyingine hazikai kwa duara bali hutambaa juu ya jiwe na kutoa mizizi pale shina linapogusa udongo.

Maua hutoka katikati ya majani, juu ya vijiti vyembamba. Kila ua lina sehemu tano, mbili za juu ni ndogo kuliko tatu za chini, na katikati kuna vifuko viwili vya manjano vyenye chavua. Rangi ya mwituni ni zambarau au buluu, nyingine imekolea, nyingine hafifu. Yale maua ya rangi ya waridi, na yale yaliyosongamana petali nyingi, ni kazi ya watunza bustani wa ng'ambo.

Tazama ua kwa karibu. Utaona kijiti kimoja chembamba kimeelekea upande wa kushoto, na katika ua la pili kimeelekea kulia, kama mtu na sura yake katika kioo. Ua hili halina maji matamu ya kumpa nyuki. Nyuki wa mwitu hulijia kwa ajili ya chavua peke yake, naye huitoa kwa kuutetemesha mwili wake hata vile vifuko vimwage unga. Chavua ile hushika mwilini, akaenda nayo kwenye ua jingine. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi la tumbaku. Mkulima asihangaike nazo, kwa kuwa jani linafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

HABARI ZAKE ZA ZAMANI

Mwaka 1892, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mtawala wa wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Aliuona mmea huu, akapeleka mbegu kwa baba yake huko Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akauandika katika vitabu vya elimu ya mimea kwa jina Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza limetokana na jina la ukoo wa yule mtawala. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia katika kundi kubwa la Streptocarpus, kwa hiyo katika vitabu vipya utaukuta kwa jina la Streptocarpus ionanthus. Mmea ni ule ule.

Waingereza huuita urujuani wa Afrika, kwa sababu ya rangi yake. Wajerumani huuita urujuani wa Usambara mpaka leo, na jina hilo ndilo tutakalolitumia hapa, maana linataja kwao.

Katika miaka ya 1920 bustani moja ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche mingi na kuchagua michache iliyo bora. Miche hiyo ilikuwa mama wa mingi inayouzwa madukani leo. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili huko Marekani waliunda chama chao. Basi wao wana chama, na sisi tuna mawe.

MAHALI UNAPOOTA

Katika Usambara ya Mashariki utauona kwenye misitu ya Amani na kando ya mto Sigi. Uko pia katika mawe ya chokaa karibu na Tanga, ambako si juu sana kuliko bahari. Katika Usambara ya Magharibi upo hata Shume, kwenye baridi. Aina nyingine ziko Uluguru na Nguru. Kenya ina aina inayoota katika kilima cha Mbololo huko Taita, na nyingine katika mawe ya Kilifi.

Ingawa mahali hapo panatofautiana sana kwa urefu na joto, yafaa ujue kwamba hali ya pale mmea unaposimama ni moja. Juu kuna miti mikubwa inayotoa kivuli. Chini kuna jiwe au ukingo mkali wenye ukoka wa mawe na udongo kidogo, pengine usiozidi unene wa vidole viwili. Hewa ina unyevu, lakini maji hayatuami, hupita na kwenda zake. Ukiyakumbuka hayo utakuwa umejua nusu ya kazi ya kuutunza nyumbani.

Kila aina ina eneo lake dogo. Nyingine zinajulikana katika kilima kimoja au viwili tu. Kwa hiyo mtu akikata miti iliyo juu ya jiwe ili apande mahindi, haitoshi kusema kwamba mimea mingine iko mbele. Jua linafika kwenye jiwe, ukoka unakauka, na mimea ile hufa hata kama hakuna mkono ulioigusa. Hiyo ndiyo sababu aina kadhaa zimeandikwa katika orodha ya mimea iliyo katika hatari ya kutoweka.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Nilipoanza kazi ya ubwana shamba nilikuwa kijana niliyetoka chuoni na stashahada mfukoni, nikidhani kwamba mmea wowote ukiupa samadi na maji utashukuru. Siku moja nilipita kando ya kijito pamoja na mzee mmoja aliyekuwa na shamba la iliki chini ya msitu. Niliona jiwe limefunikwa maua hayo. Nikang'oa miche kumi na miwili kwa kisu, nikaiweka ndani ya kikapu chenye majani mabichi ya mgomba. Mzee alinitazama tu.

Nyumbani niliipanda mbele ya mlango katika tuta, kama mchicha. Nikaweka samadi ya ng'ombe. Nikamwagilia asubuhi na jioni, nikimimina maji juu ya majani, jua likiwa linawaka. Siku ya tatu majani yakatoka madoa ya rangi ya kahawia. Siku ya kumi vitovu vilianza kuoza. Kabla ya wiki tatu kwisha sikuwa na mche hata mmoja.

Nilipomwambia mzee yule alisema, "Mwanangu, umemtoa mtu chumbani mwake ukamlaza uwanjani, halafu unamletea chakula."

Lakini jani moja lilikuwa limekatika safarini, likabaki chini ya kikapu katikati ya yale majani ya mgomba yaliyolowa. Nililikuta baada ya mwezi hivi, kikapu kikiwa kimetupwa nyuma ya jiko penye kivuli. Lilikuwa limetoa mizizi myeupe kama nyuzi. Nikalichomeka katika kopo lenye mchanga na udongo wa msituni, nikalisahau tena, na lilipokumbukwa lilikuwa na watoto wanne. Mimea iliyo barazani kwangu leo ni uzao wa jani hilo.

Miaka saba baadaye nilipita tena kwenye kile kijito. Pale nilipong'oa, jiwe lilikuwa bado tupu.

KUPATA JANI

Usiende msituni. Kung'oa mimea katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa kwa sheria, na hata jani moja huwezi kulichukua humo bila idhini ya wahusika wa misitu. Tafuta mtu mwenye mmea huo katika chungu: jirani, shule, kitalu, nyumba ya wageni. Karibu kila mtu mwenye mmea mmoja mzima anaweza kukupa majani mawili bila kuuumiza.

Chagua jani la duara la kati. Majani ya nje kabisa yamezeeka, huoza kabla ya kutoa mizizi. Majani ya kitovuni ni machanga mno, na ukiyakata utauharibu mmea mama. Jani zuri ni gumu kidogo, limekomaa, halina doa. Likate kwa wembe mkali, si kwa kisu cha jikoni kinachosaga. Kisha punguza kikonyo kibaki na urefu wa sentimita 3 hadi 4, ukikate kwa mshazari. Liache jani kivulini kwa nusu saa ili jeraha likauke.

UDONGO NA CHUNGU

Changanya sehemu mbili za mboji ya majani iliyooza vizuri, sehemu moja ya mchanga wa mto uliooshwa, na sehemu moja ya mkaa uliopondwa uwe na ukubwa wa punje za mahindi. Mchanganyiko huo ukiubana mkononi ushikamane, na ukiufungua mkono uachane wenyewe. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Mwagia maji yanayochemka mara moja ili kuua wadudu na mayai yao, kisha uache upoe na kuchuja maji. Usitumie udongo wa bustani uliokuwa na nyanya, maana aghalabu una minyoo fundo, nayo hupenda mizizi ya mmea huu pia.

Chungu kisiwe kikubwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani wanaupa mmea nafasi. Mmea huu umezoea ufa wa jiwe. Chungu chenye upana wa theluthi moja ya upana wa mmea wote kinatosha. Kikubwa zaidi hubaki na udongo uliolowa ambao mizizi haijaufikia, na huko ndiko uozo unakoanzia. Kifuu cha nazi kilichotobolewa kinafaa sana kwa mche mdogo, na kopo la maziwa pia, mradi lina matundu chini.

KUCHOMEKA NA KULEA

Chomeka kikonyo katika udongo uliolowa kidogo, kwa kina cha sentimita 2 hivi, jani likiwa limeegemea nyuma. Upande wa jani usiguse udongo. Funika kwa chupa kubwa ya maji ya plastiki iliyokatwa kitako, huku mfuniko umetolewa ili hewa ipite. Weka mahali penye mwanga lakini pasipo jua.

Mizizi hutoka baada ya wiki tatu au nne. Huwezi kuiona, na usilivute jani ili kutazama. Watoto huanza kuchungulia karibu na kikonyo baada ya wiki sita hadi kumi, na penye baridi kama Lushoto huenda ikawa zaidi. Jani moja hutoa watoto watatu, wanne, hata zaidi ya sita. Waache wakue mpaka majani yao yafikie upana wa kidole gumba, ndipo uwatenganishe kwa mkono, kila mmoja na mizizi yake, uwapande mbalimbali. Jani mama likiwa bado zima waweza kulichomeka tena.

Mche ukitoa ua la kwanza ungali mdogo, likate. Inauma kulikata, lakini mmea utajenga majani kwanza, na maua yatakayofuata yatakuwa mengi. Tangu kuchomeka jani mpaka kuchanua vizuri hesabu miezi minane hadi kumi.

MWANGA NA MAJI

Baraza inayotazama mashariki ndiyo bora. Jua la asubuhi kabla ya saa mbili halina madhara makubwa, lakini jua la mchana litababua majani kwa siku moja. Mmea wenyewe utakuambia. Majani yakisimama juu na vikonyo kurefuka, unatafuta mwanga. Yakigeuka rangi ya manjano na kujikunja kuelekea chini, mwanga umezidi. Geuza chungu kidogo kila wiki ili duara lisilemee upande mmoja.

Joto linaloufaa ni la nyuzi 18 hadi 26 za sentigredi. Likishuka chini ya 15 mmea husimama kukua. Mkulima wa Shume au Magamba auingize ndani usiku katika miezi ya Juni na Julai. Mkulima wa pwani atafute upande wa nyumba wenye upepo na kivuli, aweke vyungu juu ya sinia la kokoto zenye maji, ila maji yasifike kwenye kitako cha chungu.

Sasa habari ya maji, maana yanaua mimea hii mingi kuliko wadudu wote. Gusa udongo kwa kidole. Ukiwa bado una unyevu, ondoka. Ukiwa umeanza kukauka juu, weka chungu ndani ya sahani ya maji kwa nusu saa, kiyanywe kutoka chini, kisha mwaga yaliyobaki. Usimimine maji kitovuni. Wala usitumie maji yaliyotoka kisimani au bombani sasa hivi yakiwa ya baridi. Maji ya baridi yakigusa jani lililopata joto huacha mapete meupe au ya manjano yasiyofutika. Watu huyadhani ugonjwa, wakanunua dawa bure. Chota jioni, utumie asubuhi. Maji ya mvua ni mazuri kuliko yote.

Ajabu yake ni kwamba mmea uliozidiwa na maji hulegea sawasawa na mmea wenye kiu. Ukiona majani yamelala, usikimbilie ndoo kabla ya kugusa udongo.

CHAKULA

Hahitaji kingi. Loweka konzi moja ya samadi iliyooza katika ndoo ya maji kwa wiki moja, uchuje, kisha uchanganye kikombe kimoja cha maji hayo na vikombe kumi vya maji safi. Tumia mara moja kwa mwezi, udongo ukiwa tayari una unyevu. Samadi mbichi ni sumu kwake, kama nilivyokwisha kueleza.

MARADHI NA WADUDU

Vidung'ata huonekana kama pamba nyeupe kwenye makutano ya vikonyo. Wafute kwa kijiti kilichozungushiwa pamba na kuchovywa katika spiriti. Utitiri hauonekani kwa macho, lakini majani ya kitovuni hukunjamana, hukakamaa na kujaa manyoya. Mmea wa namna hiyo uchome moto mapema, na unawe mikono kabla ya kushika mwingine. Unga mweupe juu ya maua na majani ni ubwiri, nao huja hewa isipopita. Tenganisha vyungu. Kitovu kikioza kikawa cheusi, mmea huo haurudi, lakini ukikuta jani moja la nje lililo zima, likate ulichomeke. Mmea haukupotea wote.

KUUZA

Sitaki kumdanganya mkulima. Zao hili halitachukua nafasi ya iliki, chai au mahindi. Ni kazi ya barazani, inayomfaa mama mwenye nyumba, kijana wa shule, au kikundi chenye kitalu cha miti tayari. Anza na majani kumi. Wageni wanaokuja Amani na Lushoto kutazama milima hufurahi kuona maua haya kwao, na nyumba za kulala wageni hupenda kuyaweka mezani. Nenda kwanza ukaulize ni vyungu vingapi watanunua, halafu ndipo uchomeke. Nimeona kikundi kimoja kilichoanza na miche mia mbili bila mnunuzi, na mwishowe waligawa bure kwenye harusi.

KAMA UNA JIWE SHAMBANI MWAKO

Baadhi ya wakulima, hasa wenye mashamba ya iliki chini ya msitu, wana mawe yenye mimea hii ndani ya mipaka yao. Kwao kazi ni ndogo. Usikate mti wowote unaolitia jiwe kivuli saa sita mchana. Simama kwenye jiwe wakati huo, utazame juu, utaijua miti hiyo. Usilime wala kuchoma takataka upande wa juu wa jiwe, maana udongo unaoporomoka hufunika mimea na moshi na moto huikausha. Wakati wa kiangazi majani yatalegea na kunywea. Yaache. Mvua za kwanza zitayanyanyua.

Tena usichukue miche ya barazani, hasa ile ya dukani yenye maua ya rangi ya waridi au yaliyosongamana, ukaipanda kwenye jiwe hilo ili kulipamba. Nyuki hatachagua. Atapeleka chavua kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na baada ya miaka michache hutajua tena ni upi ulioota hapo kabla ya babu zako kufika. Ikiwa jiwe limebaki na mapengo na unataka kuyajaza, tumia jani la mmea wa jiwe lile lile, ulioteshe nyumbani kwa njia iliyoelezwa juu, kisha umwite bwana shamba au bwana misitu mtazame pamoja kabla ya kuurudisha, mwanzoni mwa masika.